Mchanga wa Mwakilindi

Uvumi huo Kaltuma aliusikia dukani kwa Githae, mahali alipokuwa akinunua mitungi ya plastiki ya kubebea maziwa, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani. Ati kila mwaka bahari lazima ichukue mtu mmoja wa bara. Ati basi la walimu fulani lilishuka Pwani na watu thelathini, likarudi na ishirini na tisa, na yule aliyebaki hakuwa hata ameogelea. Alisimama tu ukingoni akinawa uso. Ati bahari humjua mgeni kwa harufu yake.

"Na nyinyi watu wa maziwa," Githae akaongeza huku akifunga mitungi kwa kamba, "na huo moshi mnafukizia vyombo, hiyo bahari itawasikia mkiwa bado Mtito Andei."

Wateja walicheka. Kaltuma naye alicheka, maana ni vigumu kusimama dukani peke yako ukiwa umekunja uso. Lakini alipofika nyumbani alinusa mkono wa kanzu yake. Kweli ilinuka moshi. Akaifua, akaianika, akainusa tena.

Safari yenyewe ilikuwa imeshapangwa. Ilikuwa miaka michache baada ya kaunti kuanza, na Isiolo ilikuwa imejaa semina na miradi na neno moja jipya ambalo hata wazee wa Garbatulla walilijua: ziara ya mafunzo. Wafuga nyuki walikuwa wamepelekwa Baringo. Wenye vitunguu walikuwa wamepelekwa sijui wapi wakarudi na kofia. Sasa zamu ilikuwa ya kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaouza maziwa ya ngamia mjini, na Kaltuma alikuwa mmoja wao. Mutuma, kijana Mmeru aliyekuwa akiwasimamia kwa niaba ya mradi, aliwaeleza kwamba watalala usiku mmoja katika mji mdogo wa zamani ulio kando ya bahari, kisha waende kijiji cha wavuvi kiitwacho Mwakilindi, ambako wanawake wana chumba cha baridi kinachoendeshwa na jua.

"Samaki wao wanaoza, maziwa yenu yanaharibika," akasema. "Shida ni moja. Twende tuone wao wanafanya aje."

Kila mtu alifurahi. Kaltuma peke yake ndiye aliyetafuta sababu ya kukataa, akaikosa, kwa sababu wenzake walikuwa wamemchagua binti yake Safiyo awe wa kumi na tatu. Safiyo alikuwa amemaliza kidato cha nne, anajua kuandika ripoti na kupiga picha kwa simu. Angeendaje mtoto, mama abaki? Na angemkatalia vipi mtoto ambaye tangu azaliwe maji mengi aliyowahi kuona ni ya Ewaso Nyiro, tena akiwa darajani?

Mume wake Noor alikuwa Garbatulla akinunua mbuzi. Alipompigia simu, Noor alisema, "Mpeleke aone nchi. Wewe unaogopa mpaka kivuli cha birika."

Basi usiku wa kuamkia safari Kaltuma alifanya jambo ambalo aliona ni la busara. Alishusha msahafu kutoka rafuni, akamwita Safiyo, akamwekea mkono juu yake, akamwambia aape. Na Safiyo akaapa kwamba hatatia mguu wake katika maji ya bahari, mengi au machache, mpaka warudi Isiolo.

Akko Tiya alikuwepo. Akko ni bibi, na hivyo ndivyo kikundi kizima kilivyomwita, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alizaliwa upande wa Sericho, akachunga huko zaidi ya miaka arobaini, mpaka ukame ulipomaliza ng'ombe wake akahamia Kulamawe na ngamia sita waliosalia. Usiku huo alilala kwa Kaltuma ili wasafiri pamoja. Alisikiliza kiapo mpaka mwisho, akasukuma kikombe chake kando.

"Kaltuma, kiapo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Ungemwambia tu."

"Nimeshamwambia, Akko. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wanaitikia, halafu wanafanya yao."

"Huyu si hao."

"Ndiyo maana nimemwapisha yeye. Wale wengine ningewafunga kamba."

Tiya alicheka kidogo. Kaltuma alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Mji ule wa kwanza uliwapendeza wote. Nyumba zake zilikuwa za mawe meupe yaliyokwaruzika, na vichochoro vyembamba mpaka punda wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Wanawake wa Isiolo walijiuliza ngamia angegeukia wapi. Tiya aligonga mlango mmoja uliochongwa maua, akataka kujua wenye nyumba huweka wapi wanyama wao, na alipoambiwa hawana wanyama, alimsikitikia mwenye nyumba waziwazi na kumwombea dua. Waliuziwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Jioni walikaa barazani wakasikia adhana ikitoka misikiti mitatu, mmoja ukiwa nyuma ya mwingine kidogo, na hewa ilikuwa na unyevu mpaka leso zikashikana na mgongo. Kila mtu alisema angependa kurudi tena. Kaltuma muda wote huo alikuwa amemshika Safiyo mkono, mpaka Safiyo akamwambia polepole, "Mama, watu wanafikiri mimi sioni."

Mwakilindi walifika kesho yake saa mbili na nusu asubuhi. Kilikuwa kijiji kidogo tu: nyumba za udongo na makuti, msikiti uliopakwa chokaa, nyavu za buluu zimeanikwa kama nguo, na paka wengi walionenepa. Aliyewapokea alikuwa Mejumaa, mwenyekiti wa wanawake wa samaki, mama mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa salaam aleikum, akawakalisha kwenye jamvi, akawapa uji wa mtama na samaki waliokaangwa asubuhi hiyo hiyo. Wengine walikula. Wengine walimtazama yule samaki machoni, wakamsogezea jirani.

Kaltuma alingoja mpaka watu walipoanza kuongea, akamnong'oneza Mejumaa. Akamweleza ule uvumi wote, basi la walimu, harufu, yote.

Mejumaa hakucheka. "Mwanangu, bahari haimhesabu mtu. Sisi wenyewe yatuua, na tumezaliwa humu. Lililo kubwa ni kuijua saa yake. Sasa maji yatoka. Saa nne yatakuwa yamekauka mpaka kule mwambani. Saa tano yaanza kurudi."

Akko Tiya alikuwa karibu, akasikia. Akainua uso, akatazama magharibi, upande waliotokea wao, ambako ndiko mito yote hutokea. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

"Yatarudi?" akauliza. "Kwani kunanyesha wapi?"

"Hakunyeshi popote, mama. Ni bahari tu."

"Haya," Tiya akasema, kwa ile heshima ya mgeni asiyetaka kubishana na mwenyeji wake. Lakini Kaltuma alimwona akiitazama tena ile mbingu, na akaona kwamba ameshaamua: bila mvua, maji hayaji.

Hapa msomaji inafaa aelewe Tiya alikuwa mtu wa namna gani, maana ndipo kosa lilipo. Huko kwetu mito mingi ni laga, yaani mito ya mchanga. Miezi kumi laga haina hata tone. Watu huchimba visima ndani yake, mbuzi hulala ndani yake, lori hupita. Kisha mvua hunyesha mbali, milimani, mahali usipopaona, na maji huja yamesimama kama ukuta, yamebeba miti. Mwenye kuijua laga hutazama mbingu ya upande wa milima, na husikiliza, kwa sababu maji hayo hunguruma kabla ya kufika. Tiya aliyajua hayo kuliko mtu yeyote kutoka Kulamawe mpaka Sericho. Mwaka mmoja alifukuza kambi nzima kutoka kwenye laga kwa fimbo, watu wakimtukana, na kabla hawajamaliza kumtukana maji yalifika. Watu wanane wanaishi leo kwa ajili ya fimbo hiyo. Kaltuma alikuwa mmoja wao, akiwa na Safiyo mgongoni.

Kwa hiyo Safiyo alipoomba kwenda kupiga picha, saa nne ilipofika na bahari ikawa imekwenda zake kweli, imeacha uwanja wa mchanga mweupe na vidimbwi vinavyong'aa, na wanawake wa kijiji wakawa wadogo kule mwambani wakitafuta pweza kwa vijiti, Kaltuma hakukubali mpaka Tiya aliposema, "Nitakwenda naye mimi."

"Hutatia mguu majini," Kaltuma akamwambia binti yake.

"Mama, maji yako wapi? Hakuna maji."

"Nenda na Akko. Usimwache."

Aliwatazama wakienda. Tiya mbele na bakora yake, Safiyo nyuma akivizunguka vidimbwi kwa uangalifu, hata vile vidogo kama sinia, kwa sababu ya kiapo. Walishuka bonde moja la mchanga, wakapanda upande wa pili, penye tuta refu jeupe. Kaltuma aliona moyo wake umetulia. Mchanga ni mchanga, na Tiya yuko. Akageuka, akaingia na wenzake kwenye chumba cha baridi.

Chumba kile kilikuwa kizuri. Kilijengwa kwa kuta mbili zenye makumbi ya nazi katikati, na juu ya paa palikuwa na vioo vya kuvuta jua. Mejumaa aliwaonyesha barafu inavyogandishwa, samaki wanavyopangwa, mlango unavyofungwa haraka. Wanawake waliuliza maswali mengi. Wakati wa mchana hufunguliwa mara ngapi? Mawingu yakifunga siku tatu je? Maziwa yakikaa na samaki hayatashika harufu? Mutuma alikuwa akiandika. Kaltuma alisahau. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mengi mengine baadaye, kwamba kwa muda ule, kama saa mbili na zaidi, alifurahi na akasahau.

Walipotoka nje, jua lilikuwa juu. Wanawake wa pweza walikuwa wameshafika, wamekaa wakisafisha vyombo vyao. Mejumaa aliwahesabu kwa macho, kisha akatazama nyuma yao, akakaza macho.

"Wale kule tutani, ni wenzenu?"

Kaltuma aliwaona. Watu wawili wamekaa juu ya mchanga, mbali kama kutoka stendi ya Isiolo mpaka msikitini. Wamekaa wametulia, kama watu wanaongoja gari. Lile bonde walilolishuka asubuhi halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na maji ya kijani, mapana, yanakwenda kimya.

Hayakunguruma. Hakuna aliyesikia kitu.

"Tuliwaita," mmoja wa wanawake wa pweza akasema. "Tuliwaambia turudini, bibi akatwambia watangulia kupumzika, waja."

"Mbona hawakuvuka?" mwenziwe akadakia. "Saa ile maji yalikuwa ya kifundo."

Yaliyopita kule tutani Safiyo aliyasimulia siku nyingi baadaye, kidogo kidogo. Waliuona mchirizi wa maji umeingia bondeni, mwembamba, hata mtoto angeuvuka kwa hatua chache. Tiya akasema, "Haya, vuka tuende." Safiyo akasimama. "Nimeapa, Akko." Tiya akautazama ule mchirizi, akamtazama msichana, akafikiri. Alikuwa mtu wa dini. Hakutaka kumvunjia mtoto kiapo chake juu ya maji ya kulowesha kidole. Na alikuwa na sheria ya laga, ambayo haijawahi kumdanganya: maji yakija, usiyavuke; kaa juu, ngoja, yatapita. Laga hujaa na baada ya saa moja au mbili huisha. Basi akatafuta mahali palipoinuka, akatandika leso, akamwambia, "Tukae. Hayo yanapita sasa hivi." Wakakaa. Tiya akamsimulia habari za ngamia wake. Na kila mara Safiyo alipotazama, maji yalikuwa mapana zaidi, na Tiya alitazama mbingu ya magharibi na kusema, "Hakuna mvua. Hayawezi kuwa mengi."

Ufuoni Mejumaa alikuwa ameshapiga ukelele. Wanaume walikuwa baharini na vyombo vyao. Palikuwa na mtumbwi mmoja umelazwa mchangani juu, na wanawake wakaukimbilia, wa Mwakilindi na wa Isiolo pamoja, Mutuma naye, wakaanza kuuburuta. Mtumbwi wa mti mzima si kitu cha kuburuta mbio. Mejumaa alimgeukia Kaltuma.

"Mwambie binti yako aingie sasa. Bado yamfika kiunoni. Kidogo tena hatafika chini. Mwambie."

Kaltuma akakimbia mpaka maji yakamfika magotini, akapaza sauti kwa Kiborana, maneno ambayo hakuwahi kufikiri angeyasema: "Safiyo, ingia majini."

Safiyo alisimama, akaweka mkono sikioni.

"Ingia. Kiapo nimekitoa. Kiko juu yangu mimi. Ingia, mwanangu, njoo."

Alimwona Tiya akisimama pia. Alimwona akivua ile leso kubwa ya juu, akaifunga kiunoni mwake mwenyewe, akamfunga Safiyo kwa ncha ya pili. Kisha wakaingia, na Tiya akakaa upande maji yalikokuwa yakitoka.

Mwenye mifugo ataelewa mara moja. Ukivusha ndama penye maji yanayokwenda, mkubwa hukaa upande wa juu, maji yampige yeye kwanza, na mdogo apite kwenye kivuli chake. Ndivyo Tiya alivyovusha ndama wa Sericho miaka arobaini. Ndivyo alivyomvusha Safiyo. Walifika katikati. Maji yalikuwa kifuani kwa Safiyo, na Tiya alikuwa mfupi kuliko yeye. Mtumbwi ulikuwa umeshaelea, Mejumaa amesimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Kaltuma aliona kichwa cha Tiya kikizama, kikatoka, kikazama. Leso ilikaza, ikaanza kumvuta Safiyo upande. Kisha ikalegea.

Safiyo alisema Tiya ndiye aliyeifungua. Alivihisi kabisa vile vidole vikifungua fundo.

Upondo wa Mejumaa ulimfikia Safiyo kwapani. Wakamvuta. Tiya hawakumwona tena siku hiyo, ingawa wavuvi waliporudi alasiri walizunguka mpaka jua likatua, na baadhi yao walikuwa hawajaonja chakula tangu alfajiri.

Walimpata kesho yake asubuhi, maji yalipotoka. Alikuwa amelala juu ya mchanga mkavu, mbali kusini, kwa ubavu wake wa kulia. Wanawake wa Mwakilindi walimwosha kama mama yao. Mutuma alisimama nje ya nyumba muda wote, kofia mkononi. Hakujua dua za kwetu, lakini hakuondoka. Simu ilipigwa Kulamawe, Kulamawe wakamtuma mtu wa pikipiki, mpaka mwanawe Dima akapatikana huko Sericho, na Dima akasema azikwe palepale, asicheleweshwe. Basi akazikwa nyuma ya msikiti wa chokaa. Mejumaa alimwambia Kaltuma, "Huyu sasa ni wetu. Sitaliacha kaburi lake liote nyasi." Kaltuma alimshukuru, na hakuweza kumtazama usoni.

Waliporudi Isiolo watu walikuja kumpa pole, wakasema ni mipango ya Mungu. Safiyo alifunga siku tatu, kafara ya kiapo kilichovunjwa, ingawa sheikh alimwambia kwamba mwenye kulazimishwa hana kosa. Kaltuma alifunga naye. Jioni ya siku ya tatu, wakifungua kwa tende, Safiyo alimuuliza, "Mama, ningevuka ule wakati wa kifundo, Akko angekuwa hai?"

Kaltuma angeweza kumwambia hapana. Midomo yake ilikuwa tayari kabisa kusema hivyo.

"Ndiyo," akasema. "Lakini aliyekuzuia ni mimi. Wewe ulitii."

Wiki iliyofuata alipanda lori la Garbatulla, na kutoka Garbatulla akapata lingine, siku mbili za mashimo na vumbi, mpaka Sericho. Alimkuta Dima kisimani akinywesha ngamia. Walisalimiana. Alimkabidhi tasbihi ya mama yake na bakora yake, ambayo wavuvi walikuwa wameiokota. Kisha, kabla hajakaribishwa hata maziwa, alimwambia habari yote, na hasa habari ya kiapo. Alimwambia, "Mama yako alinikataza. Aliniambia ningemwambia tu. Sikumsikiliza."

Dima aliendelea kuteka maji. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi kidogo. Alijaza hori lote ndipo akauliza.

"Kwenye kuvuka, alikuwa upande gani?"

"Upande maji yanakotoka."

Dima akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Na msichana?"

"Yuko. Yuko nyumbani."

"Basi umwambie aishi," akasema. Na baadaye, wakiwa wamekaa kivulini na maziwa yameletwa, akasema jambo lingine, bila hasira. "Mama alijua maji ya huku. Ya kule hakuna mtu alimfundisha. Wewe sasa umeyajua. Usikae nayo peke yako."

Hakumwambia amemsamehe, na Kaltuma hakumwomba. Aliondoka na lori la alfajiri.

Mwezi uliofuata alisikia kwamba watoto wa shule moja ya upande wa Kulamawe watapelekwa Pwani likizo ya Agosti. Wazazi wengine walikuwa wameanza kuwanunulia watoto hirizi, wengine wamesema hawataenda kabisa, na wengine walikuwa wakiwaapisha. Kaltuma alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaomba karatasi moja ibandikwe ukutani. Mwalimu akamwambia ailete ikiwa imeandikwa. Safiyo alijitolea kuiandika, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Kaltuma alikataa. Aliishia darasa la saba, na kalamu ilikuwa haijakaa mkononi mwake miaka mingi, lakini aliketi mezani mwenyewe, akaandika kwa herufi kubwa, akichukua mchana wote. Aliandika hivi:

WAZAZI NA WATOTO MNAOKWENDA BAHARINI. MAMBO YA KUEPUKA.

Usimwapishe mtoto. Mfundishe, mwache na akili yake.

Usiende mbali kwenye mchanga wakati maji yametoka kama hujaambiwa saa yatakayorudi. Uliza wenyeji wawili. Saa hiyo hubadilika kila siku, usitumie ya jana.

Usitazame mbingu. Maji ya bahari hurudi bila mvua.

Usingoje kusikia mngurumo. Hakuna.

Usitazame mbele tu. Maji huanza kujaa nyuma yako, mahali pa bonde ulipopita.

Ukiona maji kati yako na nchi kavu, usikae juu kungoja yapite. Hayapiti, yanaongezeka kwa saa sita hivi. Vuka saa hiyo hiyo yakiwa ya kifundo.

Usibaki wenyeji wakirudi. Wakiinuka, inuka.

Usiingie na nguo ndefu. Ipandishe, uifunge kiunoni.

Usimwachie mtoto mzee wa kwetu, hata kama anajua mambo mengi. Mwachie mtu wa pale.

Usitembee miguu mitupu penye mawe, kuna vitu vya kuchoma.

Usiende kutazama vyumba na vitu vizuri kabla hujajua kila mmoja yuko wapi. Hesabu watoto mkishuka garini, hesabu mkila, hesabu tena kabla dereva hajawasha gari.